Gari ikizima kwenye maji usipige stata: injini nyingi huku kwetu zinauawa na ufunguo wa pili

#1 Mtoto wa Ligula

Wakuu, poleni na mvua.

Kila kifuku kikianza huku Mtwara naona jambo lile lile. Gari inazima kwenye dimbwi, vijana wanaisukuma, ikifika pakavu mwenyewe anapiga stata. Inagoma. Anapiga tena kwa hasira. Inasikika "tak!" moja, na kuanzia hapo ni kutafuta injini ya mtumba. Msimamo wangu ni huu: maji yakipita njia ya hewa na injini ikazima, uharibifu mkubwa unaletwa na kule kuwasha tena. Ukiliacha gari likavutwa hadi gereji, injini inapona.

Sasa kilichonileta. Nina Toyota IST ya cc 1500. Mwezi uliopita nilikuwa napita barabara ya kushuka bondeni, si mbali na Chikongola, maji yamefika nusu ya tairi. Ningevuka salama, lakini lori likaja mbele yangu kwa kasi, wimbi likapanda hadi kwenye boneti. Injini ikazima palepale. Vijana waliosukuma walinisihi niwashe, nikakataa kabisa. Fundi wa kwanza akachomoa plagi zote nne, akazungusha injini kwa spana, silinda ya tatu ikatema maji. Akakausha, akabadilisha oili, nikaondoka na gari likiwa safi.

Wiki hizi asubuhi injini ikiwa ya baridi kuna mlio wa chuma kugonga kwa chini, na oili inapungua. Fundi wa kwanza anasema ringi za pistoni zilikuwa zimechoka tangu zamani. Fundi wa pili anasema konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, ilipinda siku ile ile majini. Yupi yuko sahihi?

#2 Fundi Mkimya

Pole mkuu. Ulichofanya ni sahihi, ila msimamo wako una nusu ya ukweli.

Injini imeundwa kubana hewa. Pistoni ikipanda na valvu zimefungwa, hewa inakubali kubanwa, maji hayakubali. Pistoni inagonga ukuta. Kitu kinachoachia kwanza ni konrodi, kwa sababu ndiyo nyembamba. Inapinda, au inavunjika na kutoboa bloku.

Ukipiga stata na maji ndani, injini inazunguka taratibu, mara mia mbili hivi kwa dakika. Mara nyingi stata inagoma tu, konrodi inabaki nzima. Lakini wimbi likiingia ukiwa unaendesha, injini inazunguka elfu mbili au tatu kwa dakika. Hapo gurudumu zito la injini (flaiwili) lina nguvu kubwa ya mzunguko, na ndilo linalopinda chuma. Kwa hiyo ya kwako inaweza kuwa ilipinda kabla hujagusa ufunguo. Ulikuwa kwenye mzunguko gani lilipokuja lori?

#3 Shangani Pwani

IST na maji ya nusu tairi! Mjomba, hiyo gari imeumbwa kwa lami ya Shangani, wewe unaipeleka kuvua dagaa.

Utani pembeni, wenye malori wanatuumiza sana. Akiona gari dogo kwenye maji ndiyo anaongeza kasi.

#4 Mtoto wa Ligula

#2 sikuwa naangalia saa ya mizunguko. Nilikuwa gia ya chini, mguu unakanyaga kiasi. Elfu mbili haikosi.

#5 Dereva wa Nangurukuru

#3 usitutie wote kapu moja. Ukiwa na tani thelathini kwenye maji ukisimama unaweza usiondoke tena. Ila ni kweli wapo wasio na subira.

Mimi barabara ya Dar–Lindi ndiyo ofisi yangu. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakapanga foleni ndefu pande zote. Kabla haijakatika kabisa kulikuwa na sehemu maji yanakatiza juu ya lami. Basi likapita. Lori likapita. Jamaa mwenye gari dogo akaona wenzake wamepita akajibana nyuma ya lori. Katikati ya maji lori likapunguza mwendo, na yeye akalazimika kusimama. Akaingiwa na maji kila mahali. Tulimvuta kwa kamba.

Nikaribiapo maji huwa nashuka kuangalia wengine wanapita vipi na maji yanawafika wapi. Basi mlango wake wa hewa uko juu. Gari dogo linavutia hewa mbele, nyuma ya grili, karibu na rejeta. Kupita kwa basi si ushahidi kwa gari dogo.

#6 Mama Korosho

Asanteni kwa darasa. Mimi nina Prado ya dizeli, nazungukia vijiji vya Tandahimba msimu wa korosho na mvua za mwanzo hunikuta huko. Niliambiwa dizeli haina shida na maji kwa kuwa haina plagi. Ni kweli?

#7 Kijana wa Newala

Kweli kabisa mama. Dizeli inaungua kwa mbano, hakuna cheche ya kulowa. Ndiyo maana magari ya porini mengi ni dizeli. Pita tu.

#8 Fundi Mkimya

#7 mdogo wangu, hapo unampeleka mama pabaya.

Ni kweli dizeli haizimi ovyo kwa sababu ya waya kulowa. Hilo hilo ndilo hatari yake. Petroli mara nyingi koili au sensa ya hewa ikilowa gari inazima mapema, kabla haijanywa maji mengi. Dizeli inaendelea kuunguruma na kuvuta chochote kilicho mdomoni.

Jambo la pili ni mbano. Dizeli inabana zaidi, kwa hiyo nafasi inayobaki juu ya pistoni ni ndogo. Chukua ile injini ya 1KZ-TE iliyo kwenye Prado nyingi za zamani: cc 2982, silinda nne, mbano 21.2 kwa 1. Kila silinda ina cc 745 lakini nafasi ya juu haifiki cc 40. Maji yakizidi hapo, kuna kitu kitapinda.

Mama Korosho, mlango wako wa hewa uko juu kuliko wa IST, lakini una mwisho. Usimwamini anayekwambia dizeli inaogelea.

#9 Mwalimu wa Ndanda

Nimevutiwa na hesabu ya #8, nimeifanya kwa gari la mleta uzi.

Injini ya IST ya cc 1500 ni 1NZ-FE: cc 1497, mbano 10.5 kwa 1. Gawa kwa nne, kila silinda cc 374. Nafasi inayobaki juu pistoni ikifika kileleni ni 374 gawanya kwa 9.5 (10.5 toa 1), yaani cc 39 na kitu. Kijiko cha chakula kina cc 15. Hivyo vijiko viwili na nusu vya maji vinakaribia kujaza nafasi yote hiyo ya juu ya silinda moja.

Na uvutaji wake: kwenye mizunguko 3000 kwa dakika, injini hiyo ikivuta kwa ukamilifu inapitisha hewa hadi lita 2,250 kwa dakika. Mdomo wa hewa ukizama hata kwa kitambo kidogo, vijiko viwili na nusu ni kitu gani?

#10 Bajaji ya Mikindani

Hesabu imetulia mwalimu. Sasa nifanyie na ya bajaji, maana sisi ndio tunaowavusha hao wenye magari mvua ikichachamaa.

#11 Mwalimu wa Ndanda

#10 niletee cc na mbano wake nitakukokotolea. Kanuni ni ile ile, bodaboda na bajaji hazijasamehewa. Tena mlango wake wa hewa uko chini ya kiti, wimbi la gari likija ubavuni linafika.

#12 Kobe wa Lukuledi

Suluhisho lipo: mkonga, lile bomba linalopandisha mdomo wa hewa hadi usawa wa paa. Funga mkonga, pita. Nina Hardtop, maji ya mto yamefika kwenye boneti na nimetoka upande wa pili. Mnajaza uzi kwa hesabu.

#13 Fundi Mkimya

Mkonga ni mzuri ukiwa umefungwa kwa maana yake. Mingine iliyofungwa mitaani ni pambo. Ninaifungua nakuta fundi ametoboa ubavu wa gari, akachomeka bomba, na ile sehemu ya kuungana na boksi la ea klina imeachwa wazi au imepigwa tepu. Hiyo inakusaidia vumbi tu. Kwenye maji, ufa wowote kati ya mkonga na injini unavuta maji, na unavuta kwa nguvu kwa sababu upande huo ni wa kufyonza.

Angalia pia kile kiraba cha kutolea vumbi chini ya boksi la filta. Kikichanika, maji yanapanda kupitia hapo hata mkonga ukiwa mpya. Na raba inayotoka kwenye filta kwenda kwenye turbo ikague yote kwa kuipinda, nyufa zinajificha kwenye mikunjo.

#14 Kobe wa Lukuledi

Yangu imefungwa kiwandani, haina tepu.

#15 Mzee wa Pantoni

Wanangu, shikamooni hamjasalimu lakini nawaitikia.

Hamjui tulikotoka. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Rufiji tulivuka kwa pantoni pale Ndundu, na barabara ya kusini kifuku ilikuwa matope tupu. Nimeendesha Land Rover 109 za petroli. Tukifika kwenye mto tunasimama, injini inapoa kidogo, tunatoa mkanda wa feni ili feni isirushe maji kwenye distributa inayogawa cheche. Tunafunga turubai mbele ya grili. Gari ikitembea taratibu bila kusimama, turubai linasukuma maji mbele na kwenye chumba cha injini yanapungua. Mmoja anatangulia kwa miguu na fimbo. Kama maji yanamzidi mapaja, hatuvuki.

Siku hizi mtu ana gari lililojaa vifaa vya umeme na anaingia majini akiwa anaongea na simu.

#16 Shangani Pwani

Shikamoo mzee. Hiyo ya turubai inafaa hata kwa haya ya kisasa?

#17 Mzee wa Pantoni

Marahaba. Turubai linafaa ilimradi usisimame katikati. Ukisimama maji yanajaa humo ndani na turubai halina kazi tena. Mkanda usiutoe, wa sasa unazungusha vitu vingi. Zima AC kabla ya kuingia, maana feni ya umeme ikiwaka ndani ya maji mapanga yake yanaweza kupinda na kukwangua rejeta.

#18 Kijana wa Newala

Naomba nirudi kwa upande mwingine. Mbona hamuongelei ekzosi? Mimi ninavyojua maji mengi yanaingia kwa nyuma. Ndiyo maana tunaambiwa ukiwa majini kanyaga mafuta moshi usukume maji.

#19 Dereva wa Nangurukuru

Na mimi nilifundishwa hivyo hivyo. Gia ya kwanza, mafuta juu, klachi nusu, usiachie.

#20 Fundi Mkimya

Hapo ndipo tunapopishana mimi na madereva wengi. Injini ikiwa inawaka, hata kwenye sailensi (bila kukanyaga mafuta), moshi unatoka na kusukuma maji ya kina cha kawaida. Ekzosi inaweza kuzama na gari ikaendelea. Shida ya ekzosi inakuja injini ikiwa imezima na bomba limezama muda mrefu: maji yanapanda, na silinda ambayo valvu yake ya kutoa moshi imebaki wazi inaweza kupata. Lakini ina safari ndefu kupita sailensa.

Ukikanyaga mafuta sana unaongeza mambo mawili kwa pamoja: uvutaji wa hewa, kama alivyoonyesha mwalimu #9, na wimbi la mbele ya gari. Na maji yakiingia, yanaikuta injini kwenye kasi ya kuvunja chuma. Mimi nasema mwendo wa mtu anayetembea, gia ya kwanza, mguu mtulivu.

#21 Dereva wa Nangurukuru

Fundi, wewe unaona gari likishafika gereji. Mimi nakuwa ndani yake. Ukienda kimya kimya kwenye matope yaliyofunikwa na maji, gari inakosa nguvu na kuzima. Ikizima katikati ya mkondo, maji yanapanda mlangoni. Bora mzunguko wa kati kuliko kubaki pale.

#22 Mama Korosho

Mimi ninayesoma niwafuate nani sasa?

#23 Mzee wa Pantoni

Mama, fuata fimbo. Pima kwanza, mengine baadaye.

#24 Mpwani wa Lindi

Mnasahau sisi tunaokaa kando ya bahari. Mvua ikikutana na maji ya bamvua yaliyojaa, mitaro haina pa kumwaga, maji yanarudi barabarani na yanakuwa na chumvi. Jirani yangu gari lake lilizama usiku limeegeshwa, injini haijawaka kabisa. Fundi alimwambia shukuru, halikuvuta maji, likakaushwa likawaka. Miezi baadaye taa za dashibodi zikaanza kuwaka moja moja, soketi za waya zimeota kutu ya kijani. Maji ya chumvi yakigusa nyaya, osha mapema kwa maji yasiyo na chumvi na kausha, na tamino za betri ziwe zimetolewa kwanza.

#25 Kijana wa Newala

Tuongelee na bima. Nani amewahi kulipwa kwa injini iliyokunywa maji?

#26 Karani Mstaafu

Nilifanya kazi ya madai ya bima kwa muda mrefu, siitaji kampuni. Bima ndogo, ile ya lazima, inamlipa uliyemdhuru. Injini yako haihusiki. Bima kubwa ndiyo yenye nafasi, na hapo ugomvi huwa kwenye sababu: gari limekutwa na mafuriko, au dereva ameingia mwenyewe kwenye maji aliyoyaona, au aliwasha tena baada ya kuzima. Mikataba mingi inaondoa uharibifu wa kimitambo, na mkaguzi akiona dalili za stata kupigwa mara nyingi atashika hapo. Piga picha gari likiwa bado majini, usiwashe, toa taarifa mapema, usiruhusu fundi afungue kabla mkaguzi hajaona. Na soma kipengele cha mafuriko kwenye mkataba kabla ya mvua.

#27 Fundi wa Mtama

Nimesoma wote. Naleta wazo ambalo hakuna aliyeligusa. Mleta uzi, una uhakika maji ya silinda ya tatu yalitoka nje?

Nimepokea magari yaliyosemwa "yamekunywa maji" na kumbe gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua. Maji ya rejeta yanavuja ndani ya silinda moja gari likiwa limesimama, asubuhi stata inagonga. Dalili ni ile ile: unachomoa plagi, maji yanaruka. Silinda moja tu kati ya nne ndiyo inayonipa mashaka. Wimbi la lori lingepeleka maji kwenye manifoldi, na ningetarajia zaidi ya silinda moja kulowa. Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi? Rejeta inapungua?

#28 Fundi Mkimya

#27 hoja nzuri, ila si lazima zilowe zote. Injini inasimama na silinda ya kwanza iliyokutana na maji katika mbano. Zilizobaki hazipati nafasi. Ea klina ilikuwaje? Hicho ndicho kipimo. Filta ikiwa imelowa chapachapa na kuna maji kwenye bomba baada ya filta, yametoka nje. Filta kavu, rudi kwa fundi wa Mtama.

#29 Mtoto wa Ligula

Filta ilikuwa imelowa, ila si yote. Nusu ya chini. Maji yaliyoruka yalikuwa ya matope kidogo, sikuona rangi ya kijani wala nyekundu. Rejeta haijapungua tangu hapo. Oili ya siku ile ilikuwa kama chai ya maziwa, tukamwaga, tukaweka mpya, tukaendesha kidogo, tukamwaga tena.

#30 Bajaji ya Mikindani

Umemwaga oili mara mbili? Hapo wewe si mwenzetu, ni mkulima wa korosho daraja la kwanza.

#31 Fundi Mkimya

#30 hiyo aliyofanya ndiyo sahihi. Ya kwanza inabeba maji, ya pili inasafisha mabaki, na filta ya oili inabadilishwa mara zote mbili. Angalieni na oili ya geaboksi na difu. Zina vipumulio vyake. Chuma cha moto kikizama kwenye maji baridi hewa ya ndani inanywea na kuvuta maji kupitia kipumulio au sili. Watu wanaokoa injini halafu geaboksi inawafia baadaye.

#32 Dada wa Ruangwa

Jamani maji hayasubiri mvua. Gari la dada yangu lilizima kwenye eneo la kuoshea magari. Vijana walifungua boneti wakapiga mashine ya presha moja kwa moja kwenye mdomo wa ea klina. Akawasha, likatetemeka, likazima. Bahati ilikuwa sensa ya hewa imelowa tu. Ilikaushwa, likarudi kawaida. Nawaomba mkiosha injini simameni hapo hapo, na mdomo wa hewa ufungwe mfuko wa nailoni. Mkimaliza uondoeni kabla ya kuwasha.

#33 Shangani Pwani

Asante dada. Kwa hiyo kuzima si lazima injini imekunywa. Inaweza kuwa sensa, koili, au maji yenyewe. Na kwa nje zote zinafanana.

#34 Fundi Mkimya

Ndiyo maana tunasema usipige stata kabla ya kufungua boksi la filta. Klipu mbili tu, hazihitaji fundi. Filta kavu na bomba kavu, tatizo kuna uwezekano mkubwa ni umeme. Filta imelowa, vuta gari. Na msisukume gari la manyo (gia za mkono) mkaachia klachi ili liwake, nguvu ya matairi inapinda konrodi kuliko stata.

Kwa dizeli hakuna plagi za cheche, inabidi kutoa nozeli au hita ili maji yapate pa kutokea. Kuna waliozungusha dizeli bila kutoa kitu wakitegemea maji "yatajipenyeza". Hayapenyi.

#35 Kijana wa Newala

Swali la kando wakuu. Nataka kununua gari Dar, nasikia kuna yaliyowahi kuzama. Nitayajuaje?

#36 Karani Mstaafu

Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho, angalia kama una mstari wa tope. Inua zulia, pitisha kidole kwenye reli za viti na chini ya dashibodi. Fungua mahali pa tairi la akiba. Angalia ndani ya taa za mbele kama kuna alama ya maji. Manukato makali ndani ya gari yakutie shaka.

#37 Mpwani wa Lindi

Ongeza: soketi za chini ya kiti cha dereva. Huko hawafiki kusafisha.

#38 Mtoto wa Ligula

Wakuu nimerudi. Leo fundi wa pili amepima kompresheni (presha ya mbano), injini ya moto, plagi zote nje, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Silinda ya kwanza psi 190, ya pili 188, ya tatu 165, ya nne 187. Akatia oili kidogo kwenye ya tatu, ikapanda hadi 178. Anasema ni konrodi. Wa kwanza nimempigia, anasema kupanda huko ndiyo ushahidi wa ringi.

#39 Mwalimu wa Ndanda

Ngoja tuone kama hesabu inakubali konrodi. Tundu la silinda ya 1NZ-FE lina kipenyo cha milimita 75, eneo lake ni kama sentimita za mraba 44. Konrodi ikifupika milimita 1 kwa kupinda, nafasi ya juu inaongezeka kama cc 4.4. Ilikuwa 39.4, sasa 43.8. Mbano unashuka kutoka 10.5 hadi kama 9.5. Nikikadiria presha, 190 inakuja 167 hivi. Kipimo chako ni 165.

Konrodi iliyopinda milimita moja tu inatosha kueleza kipimo hiki.

#40 Fundi wa Mtama

Mwalimu, na ringi zilizochoka nazo zinatosha kueleza. Hata valvu isiyokaa vizuri. Na gasketi sijaiondoa. Hesabu inasema inawezekana, haisemi ndiyo yenyewe. Oili inapungua, na konrodi iliyopinda peke yake hailambi oili hivyo hivyo.

#41 Fundi Mkimya

Inalamba. Konrodi ikipinda, pistoni inakaa upande, inakwangua ukuta wa silinda na ringi hazishiki sawasawa. Mlio wa asubuhi unaopungua injini ikipata moto unaendana na hilo. Na oili ukiitia kwenye silinda yoyote kipimo kitapanda kidogo, kwa sababu nayo inachukua nafasi na kuziba. Kama ni ringi tupu ningetaka ifike karibu na wenzake.

Kabla ya kushusha hedi, kuna kipimo kisicho na gharama. Kwenye hiyo injini tundu la plagi liko juu ya pistoni moja kwa moja. Chukua waya mnene ulionyooka, mrefu, usioweza kudumbukia ndani. Zungusha injini kwa spana taratibu, pistoni ifike kileleni, weka alama kwenye waya usawa wa mdomo wa tundu. Fanya silinda zote nne. Ya tatu ikisimama chini kuliko wenzake, hata milimita moja, ugomvi wa mafundi wako umekwisha. Usipige stata waya ukiwa ndani.

Na hadi upime, gari lisiende safari. Konrodi iliyopinda inaweza kutembea wiki kadhaa halafu ikakatika ukiwa kwenye mlima.

#42 Fundi wa Mtama

Kipimo hicho nakikubali. Ila zikilingana zote nne, rudi kwangu tupime presha ya rejeta.

#43 Dereva wa Nangurukuru

Na ikithibitika ilipinda palepale lori lilipopita, basi kichwa cha uzi kinabidi kiangaliwe upya, maana ufunguo hakuugusa.

#44 Mtoto wa Ligula

#43 nakuelewa kiongozi, ila sibadilishi kabla waya haujasema. Hata ikiwa ilipinda majini, ningepiga stata pale na vijiko vyote vile ndani, leo ningekuwa naongelea bloku iliyotoboka. Napima kesho asubuhi fundi akifungua, naleta vipimo vya silinda zote nne.

#45 Mama Korosho

Nasubiri hapa. Na wewe fundi wa #13, kiraba cha chini ya boksi la filta nimekiangalia jioni hii. Kimechanika. Nakipata wapi hapa Mtwara mjini?